Walinifanya dada wa kazi wa mwanangu mwenyewe: uzoefu wangu na ofisi ya kushughulikia karatasi za Wahindi

Naandika hii nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Nimeolewa na Mhindi. Simaanishi Mhindi wa hapa aliyezaliwa Upanga, ni Mhindi wa India kabisa. Kwao ni kijijini huko Junagadh, Gujarat, wanakolima karanga, na hapa Dar yuko kwa kibali cha kazi, fundi wa mitambo kiwandani. Tuna binti mmoja, na yote haya yamemhusu yeye.

Wenye ndoa kama yangu wanajua, wengine niwape kwa kifupi. Mtoto wa raia wa India akizaliwa nje ya India hawi raia wa kule moja kwa moja. Lazima asajiliwe kwenye ubalozi wao ndani ya mwaka mmoja tangu azaliwe. Ndivyo sheria yao inavyotaka kwa watoto wote waliozaliwa nje kuanzia Desemba 2004. Mwaka ukipita, maombi yanahitaji ruhusa ya serikali kuu ya India, na hapo unaanza safari usiyojua mwisho wake. Binti yetu alikuwa na miezi minane tulipoanza kuhangaika. Mume wangu anaingia zamu ya usiku, mimi sijui fomu zao, basi mtu akatuelekeza kwa ofisi moja ya katikati ya mji inayojitangaza kusaidia Wahindi walioko ugenini: pasipoti, vibali, mambo ya ubalozi, hadi wakili. Wakataka laki nne. Tukatoa kianzio laki mbili, tukaacha vivuli vya kila kitu: pasipoti ya baba, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kutoka RITA. Siku hiyo alikwenda mume wangu peke yake.

Wiki zikapita. Ukipiga simu unaambiwa faili liko mezani. Mtoto akafika miezi tisa, akaanza kusimama kwa kushika kochi, faili bado liko mezani. Kuingia mwezi wa kumi nikasema leo naenda mwenyewe. Nikamfunga mwanangu mgongoni kwa kanga, nikapanda daladala.

Mapokezi alikuwepo binti mmoja, Mtanzania mwenzangu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Akamchungulia mtoto mgongoni, akatabasamu: "Jamani katoto kazuri! Dada, bosi wako hajaja?" Sikumwelewa. Nikamwambia nimefuata faili la usajili, nikataja jina la mume wangu. Akalitafuta, akaliona, akasema, "Ehe, hili linasubiri sahihi. Mwambie mama wa mtoto aje mwenyewe, haiwezi kusaini mtu mwingine."

Nikamwambia, "Mama wa mtoto ni mimi."

Akacheka. Ningemwelewa kama angeona haya, mtu anakosea, binadamu ni binadamu. Yeye alicheka akamgeukia mwenzake wa meza ya pili, wakatazamana. Halafu akaniambia, "Sasa dada na wewe, si ungesema mapema." Kwamba kosa ni langu, sikuingia na kibao shingoni kinachosema nimemzaa huyu mtoto! Miezi tisa tumboni, kisu juu, mshono uliovimba wiki tatu, halafu msichana wa kaunta ananiagiza nikamwite mama yake.

Nikanyamaza kwa sababu ya mtoto. Nikaomba nione hiyo fomu ninayotakiwa kusaini. Kwenye sehemu ya mama, jina ni langu, limeandikwa vizuri tu. Mstari wa chini yake, uraia wa mama: India.

Niliusoma mara mbili. Kivuli cha cheti cha ndoa walikuwa nacho, kinasema mimi ni Mtanzania. Cheti cha RITA walikuwa nacho. Hawakusoma hata kimoja. Waliona baba Mhindi, mtoto mweupe, wakamtengenezea mwanangu mama mwingine kichwani mwao, na ndiyo maana nilipoingia na kanga yangu sikuweza kuwa mimi. Nikasema hapa pamekosewa. Jibu: "Hiyo ni kawaida, ubalozini hawaangalii sana." Na chini kabisa, juu ya nafasi ya sahihi yangu, kuna tamko kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli. Walitaka niapie uongo kwa mkono wangu mwenyewe!

Kwa kelele zangu akatoka bwana mmoja wa ndani, wanamwita mwanasheria. Huyu alikuwa mpole, akanipa kiti. Lakini ushauri wake ulikuwa mbaya kuliko kicheko cha yule binti. Akasema kama tuna haraka ya kumpeleka mtoto kwa babu yake, tumkatie kwanza pasipoti ya Tanzania, hayo ya India yatafuata taratibu. Kidogo tufuate. Nilishatoka pale nikiwaza picha za pasipoti.

Mungu si Athumani. Mume wangu akasema kabla ya kwenda Uhamiaji tupite ubalozini tuulize wenyewe, akaomba ruhusa kazini asubuhi moja. Nilikwenda nikiwa nimejikaza, najua tutafukuzwa. Kwenye dirisha la mambo ya konsula alikaa karani, na nyuma yake ofisa wa Kihindi, mtu mzima, miwani imeshuka puani. Ofisa akaichukua ile fomu, akaisoma yote kimya. Akaigeuza inielekee mimi, akaweka ncha ya kalamu kwenye ule mstari wa uraia wa mama, akauliza kupitia kwa karani: "Mama, hii ni kweli?" Nikasema hapana. Akaukata kwa mstari mmoja. Halafu akaniuliza swali ambalo kwa miezi miwili hakuna aliyewahi kuniuliza: "Wewe unataka mtoto wako awe nani?"

Nilishindwa kujibu. Machozi yalikuwa karibu.

Ndipo wakatueleza, kama dakika kumi hivi, bila shilingi. Wazazi wanapomsajili mtoto wanatamka kwamba hana pasipoti ya nchi nyingine. Kwa hiyo tungemkatia ya Tanzania kwanza, kama tulivyoshauriwa na mtu anayelipwa kwa ushauri, mlango huo ungefungwa. Kuna njia ya pili: abaki na pasipoti ya Tanzania, achukue kadi ya OCI, ile ya wenye asili ya India walio ng'ambo, aingie India atakavyo bila viza. Lakini mwenye kadi hiyo hapigi kura kule, hanunui shamba, wala hahesabiwi raia. Tofauti iliyotusaidia kuamua ni moja tu: kadi inaweza kusubiri, usajili una mwaka mmoja. Na akifika miaka 18 atachagua mwenyewe, maana India haina uraia wa nchi mbili na sisi Tanzania pia hatuna kwa watu wazima. Nilipenda hapo. Tulijaza fomu upya mtandaoni usiku uleule, tukairudisha imechapwa, tukasaini wote wawili. Mwaka ulikuwa bado haujatimia.

Tukiwa kwenye foleni nilisoma tangazo ukutani ambalo limenikosesha usingizi. India ina mfuko wa ustawi kwa raia wake walioko nje, ulianzishwa 2009, na unatunishwa kwa kiasi kidogo wanachokata kwenye huduma za konsula. Unaweza kumsaidia aliyekwama: pa kulala, tiketi ya kurudi, wakili, hata kusafirisha maiti. Na kuna mfumo wa malalamiko wa mtandaoni unaoitwa MADAD, upo tangu 2015. Kwa nini nalia? Kwa sababu mwenzake mume wangu kiwandani, kijana wa miaka ishirini na kitu, alishikiliwa pasipoti na mwajiri wake wa zamani, na ofisi hiihii tuliyokwenda sisi ikamtoza fedha kuandika barua. Barua moja! Pasipoti ya India kisheria ni mali ya serikali ya India, mwajiri hana haki ya kuifungia kwenye droo. Angeweza kupeleka lalamiko lake kwa simu yake mwenyewe akiwa kitandani.

Sasa niseme haki. Pale ofisini kuna kijana tarishi. Siku ile nilipotoka kwa hasira alinikimbilia hadi kwenye ngazi, akanipa bahasha yenye vivuli vyetu vyote, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nenda ubalozini mwenyewe, utasikilizwa." Naye pia alinisukuma kufika lile dirisha, kabla hata mume wangu hajasema. Na najua wapo waliohudumiwa vizuri hapo. Jirani yetu mmoja walimfanyia kibali cha ukaazi bila tatizo. Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka kusema ni ofisi ya wastani, wana mzigo mkubwa, wenye shida ndogo waende.

Hapana. Nimesoma tena nilichoandika hapo juu, na hapana. Shida ndogo haihitaji mtu wa laki nne. Anayemhitaji mtu wa laki nne ni yule asiyejua lugha, anayefanya kazi usiku, mwenye mtoto ambaye siku zake zinahesabika, na huyo ndiye wanayemlaza kwenye faili. Msiende. Na kama wewe ni mke wa Mhindi na una rangi kama yangu, nakwambia mara mbili: usiende.

Cheti cha usajili kimetoka, kiko kabatini, mama yake ameandikwa Mtanzania. Ile laki mbili bado wanayo. Wametuma ujumbe mara mbili kwa mume wangu kumuuliza lini atamalizia malipo. Jumatatu nakwenda mimi kuidai, na mwanangu nitambeba mgongoni, kwa kanga ileile.