Antivairasi ya kompyuta ya nyumbani: ipi ulipie, ipi uiache dukani

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea laptopu yake, HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, akilalamika kwamba imekuwa nzito kama mkokoteni wenye pancha. Nikaiwasha, nikaenda kununua chai, nikarudi bado inazunguka. Ilipofunguka nikakuta antivairasi tatu. Ya kwanza ilikuja na mashine na leseni yake ilikwisha zamani. Ya pili aliwekewa dukani alikonunua. Ya tatu aliipakua mwenyewe usiku mmoja baada ya tangazo jekundu kumwambia ana virusi 13. Zote zinagombania faili lile lile kila anapofungua kazi yake, na bado kwenye flashi yake folda ya mitihani ya kidato cha pili ilikuwa imegeuka shotikati.

"Fundi, sasa ninunue ipi?"

Nilimwambia afunge pochi kwanza, nikamweleza haya ninayoyaandika hapa.

Lile tangazo jekundu, kwanza, halikuwa antivairasi. Siku moja kwenye tovuti ya mpira alibofya "Allow" bila kusoma, na tangu hapo kivinjari kikawa kinamrushia matangazo pembeni mwa skrini. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya notisi, na kuifuta tovuti hiyo. Hulipi hata senti.

Virusi vya kweli kwa kompyuta za nyumbani huku kwetu naviona vikipitia milango miwili kuliko mingine. Mmoja ni flashi. Unapeleka CV steshenari kuprinti, kompyuta ya pale imeshachomekwa flashi mia tangu asubuhi, unarudi nyumbani na mgeni. Ukifungua flashi unaona folda zako zote zina kamshale kadogo pembeni. Faili zako bado zipo, ila zimefichwa, na kile unachokibofya ni shotikati inayofungua folda na kirusi kwa pamoja. Usidhani ni mambo ya wanafunzi tu. Mwaka 2023 watafiti wa Mandiant, kampuni ya usalama iliyo chini ya Google, walieleza jinsi wadukuzi wanaohusishwa na China walivyosambaza kirusi kiitwacho Sogu kwa flashi, na ofisi zilizoambukizwa zilikuwamo za Tanzania na Kenya. Sehemu za kuprinti na intaneti kafe zilitajwa miongoni mwa zinazoshukiwa kukisambaza.

Mlango wa pili ni kreki, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli ya leseni. Unataka Windows au Office bila kulipa, unapakua KMSPico, kifaa cha kuziwasha bila leseni, na maelekezo yanaanza hivi: "Zima antivairasi kwanza." Hapo umemfukuza mlinzi ili mwizi aingie kwa heshima. Mwaka 2021 kampuni ya Red Canary ilionyesha KMSPico bandia zilizobeba Cryptbot, programu inayokomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Na STOP/Djvu, kirusi kinachofunga faili kisha kudai fedha, kimewaumiza sana watu wa nyumbani kwa kujificha ndani ya kreki. Sasa antivairasi gani itakusaidia ikiwa umeizima kwa mkono wako?

Ukijua milango hiyo, orodha yangu utaielewa.

Nafasi ya kwanza: Microsoft Defender, ikipangwa vizuri

Kama una Windows 10 au 11, antivairasi unayo tayari. Defender imo ndani ya mfumo, haina leseni wala haikusumbui ulipie. Enzi za Windows 7 fundi akikuambia uitegemee ungemcheka, na ungekuwa na haki, kwa sababu ile ilikamata programu za kijasusi tu. Ya sasa ni kitu kingine. Maabara ya AV-Test ya Magdeburg, Ujerumani, hupima antivairasi kwa alama 18: sita za ulinzi, sita za kutolemaza mashine, sita za kutopiga kelele bila sababu. Defender mara nyingi inazipata zote au inazikaribia.

Ina udhaifu mmoja unaotuhusu sana sisi wa kuunga bando. Ikikutana na faili ngeni, Defender huuliza seva za Microsoft kabla ya kuamua. Ukiwa huna mtandao, inabaki na orodha iliyo nayo tu, na katika majaribio ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, uwezo wake hushuka ukikatwa intaneti kuliko wa Bitdefender. Tena wengi wetu, tukiunganisha laptopu kwa hotspoti ya simu, tunaiwekea alama ya "metered connection" ili Windows isile bando. Ujanja mzuri, lakini apdeti za Defender nazo zinaweza kukwama hapo hapo. Nimeshika mashine ambayo kialama cha njano kimekaa pembeni miezi minne na mwenyewe amekizoea kama picha ya ukutani.

Kwa hiyo jiwekee siku. Ukiwa na bando la usiku, fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", bonyeza "Check for updates" mwenyewe. Nyumbani hakuna mtandao kabisa? Pakua faili la mpam-fe.exe kutoka tovuti ya Microsoft ukiwa kwenye Wi-Fi ya kazini, kisha libebe kwa flashi. Linazidi MB 100, na ukilibofya mara mbili linaweka orodha mpya ya virusi bila intaneti.

Ukiwa humo humo, hakikisha "Tamper Protection" imewashwa, ili programu nyingine isiweze kuizima Defender kimya kimya. Washa pia "Controlled folder access", ambayo kwa kawaida inakuja ikiwa imezimwa. Hii huzuia programu isiyojulikana kuandika ndani ya folda zako za nyaraka na picha, yaani pale pale kirusi cha kudai fedha kinapopataka. Itakuudhi wiki ya kwanza, maana hata gemu la mtoto litakataliwa kuhifadhi, nawe itabidi uliruhusu moja moja. Vumilia.

Nafasi ya pili: Bitdefender

Hii ndiyo ningemwambia ndugu yangu alipie kama kompyuta inatumiwa na watoto wanaopakua kila kitu, au kama nyumba inakaa siku kadhaa bila bando. Inatoka Bucharest, Romania, na injini yake imekodishwa na kampuni nyingine za antivairasi, kwa hiyo unaweza kuwa umewahi kuitumia chini ya jina lingine. Inakamata vizuri hata ikiwa nje ya mtandao.

Anza na ya bure. Inakudai ufungue akaunti, na skani yake ya kwanza itaifanya mashine yenye RAM ya GB 4 ihema, ila baada ya hapo inatulia. Ukitaka kulipia, Antivirus Plus inatosha kwa kompyuta peke yake. Total Security ina maana tu kama unataka kulinda na simu za nyumba nzima. Usinunue kwa sababu ya VPN, ile njia ya faragha ya kupitishia intaneti, iliyoandikwa juu ya boksi: kwenye vifurushi hivyo inakupa MB 200 kwa siku, video moja ya harusi na imekwisha.

Nafasi ya tatu: ESET NOD32

Kwa mashine kongwe yenye diski ya kuzunguka, isiyo SSD, hii naiweka mbele hata ya Bitdefender. Ni nyepesi mno. Ukichomeka flashi inaweza kukuuliza kama uikague kabla hujaifungua, jambo ambalo kwa mtu wa steshenari lina thamani kuliko vikorombwezo vyote vya pembeni. Haina toleo la bure la kudumu. Una siku za majaribio, kisha unalipa. Ilianzia mwaka 1987 kwa vijana wawili wa Bratislava, na jina NOD ni ufupisho wa maneno ya Kislovakia yenye maana ya "hospitali ukingoni mwa diski". Nalipenda jina hilo, nakiri, ila si sababu ya kuiweka hapa.

Nafasi ya nne: Kaspersky

Najua utaniuliza kwa nini imekuwa chini hivi wakati kadi zake zimejaa kila duka la kompyuta. Kukamata virusi inajua, hilo halina ubishi. Jambo lenyewe ni imani. Antivairasi ina ruhusa ya kusoma kila faili ulilonalo na kujiapdeti bila kukuuliza, hivyo unapoinunua unachagua nani umkabidhi funguo za nyumba. Kampuni hii ina makao makuu Moscow. Mwezi Machi 2022 ofisi ya usalama wa mitandao ya Ujerumani, BSI, iliwashauri watu waiache. Mwezi Juni 2024 Marekani ikapiga marufuku kuiuza, na apdeti kwa watumiaji wa huko zikasimama Septemba 29 mwaka huo. Kaspersky yenyewe inakana kutumiwa na serikali ya Urusi.

Kwetu inauzwa kihalali. Kama unayo na leseni ina miezi minane mbele, huna haja ya kukimbia. Ila kama unafanya kazi za mtandaoni kwa mteja wa Marekani, muulize kabla hujaiweka kwenye mashine inayobeba faili zake.

Nafasi ya tano: Avast na AVG

Ni bure, zinakamata vizuri, na zina kelele za muuza karanga wa stendi. Kila siku dirisha: kompyuta yako ina takataka, lipia tuisafishe. Avast iliinunua AVG mwaka 2016, kwa hiyo usipoteze jioni kuzilinganisha. Kilichonifanya niishushe ni Jumpshot, kampuni yake tanzu iliyokuwa ikiuza taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji. Ilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana Avast kulipa dola milioni 16.5.

Norton na McAfee

Hizi mara nyingi huzichagui, unazikuta kwenye laptopu mpya na majaribio ya siku chache. Kazi zinafanya. Angalia bei tu: ya mwaka wa kwanza ni ya kukuvuta, na ukiwa umeweka kadi ya benki, mwaka wa pili unakatwa bei kamili. Zima kujilipia upya siku hiyo hiyo unayonunua. Na ujue kwamba Norton, Avast, AVG na Avira zote leo ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital.

Zisizo kwenye orodha

Smadav utaikuta karibu kila steshenari. Imetengenezwa Indonesia kwa ajili ya virusi vya flashi, na watengenezaji wenyewe wanaieleza kama ulinzi wa ziada. Iweke pembeni ya nyingine ukipenda, isiwe peke yake. Malwarebytes ya bure haikai langoni. Unaiita siku unapohisi kuna kitu, inaskani, inaondoka. Mimi naitumia hivyo kila wiki.

Antivairasi iliyokrekiwa, sina la kusema zaidi ya niliyosema kuhusu KMSPico. Namba za leseni za bei ya kutupa zinazouzwa WhatsApp ni hivyo hivyo: nyingi ni namba moja iliyouzwa kwa watu ishirini, na ikishtukiwa inazimwa.

Ukinunua kadi, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, hakikisha sehemu ya kukwangua haijaguswa. Soma idadi ya vifaa na nchi au ukanda inakofanya kazi, kwa sababu leseni ya Kaspersky ya ukanda mwingine inaweza kukataa kuwashwa hapa. Ikiwezekana iwashe ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji.

Ya mwalimu iliishaje? Niliziondoa zote tatu kwa vifaa vya kufutia vinavyotolewa na kampuni zenyewe, maana ukifuta kwa njia ya kawaida huacha mabaki. Defender ikaamka yenyewe. Flashi nikaiskani kwanza, kisha nikaandika amri ya kufichua faili zilizofichwa, attrib -h -r -s /s /d, na mitihani ikatoka yote ndani ya folda isiyo na jina. Tukaijaribu Defender kwa faili la EICAR, lile la herufi 68 ambalo halina madhara ila antivairasi zote zimekubaliana kulichukulia kama kirusi. Liliondolewa kabla hajamaliza kuuliza ni nini.

Kilichobaki ni Windows yake. EliteBook 840 G3 ina prosesa ya kizazi cha sita, na Windows 11 kwa masharti ya Microsoft inataka kuanzia cha nane. Yuko Windows 10, ambayo apdeti zake za kawaida zilikoma Oktoba 14, 2025. Microsoft imeahidi kuendelea kuilisha Defender ya Windows 10 orodha mpya za virusi hadi Oktoba 2028, lakini matundu ya mfumo wenyewe ni habari nyingine. WannaCry, kirusi cha kudai fedha cha Mei 2017, ilipita kwenye tundu lililokuwa limeshazibwa tangu Machi kwa wale walioapdeti. Nikamsajili kwenye mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja, ambao ni bure ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Kisha nikabandika karatasi chini ya laptopu: "Oktoba 2026, irudi kwa fundi."