Walitufikisha Córdoba milango inafungwa

Kila nikijiambia yameisha, mtu ananiuliza "Hispania mliionaje?" na hasira zinapanda upya. Acha niyaandike. Jina la kampuni ya utalii iliyotupeleka silitaji. Wao wakisoma watajijua, na tuliopanda nao basi lile tunawajua.

Tangazo lao lilikuwa na picha moja kubwa: ua wa ndani wa nyumba ya zamani, kuta zimepakwa chokaa nyeupe pe, vyungu vya buluu vimetundikwa toka chini mpaka usawa wa ghorofa, jeraniamu nyekundu zinamwagika kila upande. Chini wameandika Córdoba, mwezi Mei. Picha ile ndiyo iliyotutoa Dar, si kingine. Mama yangu mdogo ana kitalu cha maua kando ya barabara, amesomesha watoto kwa yasmini na bogenvilia za kwenye makopo. Alipoiona aliikuza kwenye simu, akaanza kuuliza chungu kimeshikwa na nini pale ukutani, maji yanafikaje juu, mbona ukuta hauna alama ya unyevu. Kikoba kilipovunjwa na mgawo wake ukatoka, hakununua hata doti ya kanga. Ulikwenda wote kwenye safari hii.

Kwa ambao hawajui, Córdoba iko kusini mwa Hispania, jimbo la Andalusia, na Mei yake ni sherehe juu ya sherehe. Wanaanza na misalaba iliyofunikwa maua kwenye viwanja vya mitaa, zinafuata nyua za ndani ya nyumba, kama ule wa kwenye picha, na mwishoni mwa mwezi inakuja feria, tamasha kubwa la mji. Lakini nyua ndizo zinazowajaza watu mjini. Mashindano ya ua bora yalianza 1921, halmashauri ya jiji inatoa zawadi, na mwaka 2012 UNESCO wakaiingiza sherehe hiyo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wanaoshindana ni watu wa kawaida tu, wanafungua milango ya nyumba wanazolala, unaingia, unatazama, hulipi kiingilio.

Na kwa nini Mei? Kwa sababu ikifika Julai mchana haukaliki. Rekodi ya joto ya Hispania nzima, nyuzi 47.6, ilipimwa Agosti 2021 huko La Rambla, mkoa huohuo wa Córdoba. Mei jua lina huruma, usiku unahitaji mtandio mabegani basi, na jua lenyewe linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Sisi tuliiacha Dar masika inamalizia, matope mpaka mlangoni. Kwa hali ya hewa hawakutudanganya hata kidogo, hilo nawapa.

Sasa sikilizeni. Nyua zile zina saa zake. Zinafunguliwa saa tano asubuhi mpaka saa nane mchana, zinafungwa ili wenye nyumba wapate kula na kupumzika, halafu zinafunguliwa tena saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku. Si siri. Kila mtu wa mji ule anajua. Kampuni inayouza safari ya nyua za Córdoba isipojua jambo hilo, inauza nini hasa?

Siku hiyo tulitoka Madrid asubuhi, na barabara ilikuwa raha. Tambarare za La Mancha, halafu majabali ya Despeñaperros, ukishavuka hapo umeingia Andalusia na mizeituni haina mwisho, mistari kwa mistari mpaka juu ya vilima. Tungefika na nafasi ya kutosha. Badala yake basi likakata kona, likasimama mbele ya duka. Mafuta ya zeituni, mikoba ya ngozi, sahani za kutundika ukutani. "Dakika ishirini tu," akasema kiongozi wa msafara, kijana tuliyetoka naye Dar. Tulikaa zaidi ya saa nzima. Nilimwona yuko nyuma ya kaunta anakunywa kahawa na mwenye duka, karatasi ya hesabu iko kati yao, na kila mtu wetu akilipa, inaandikwa kitu. Sina risiti ya kuthibitisha kwamba alikuwa anakula kamisheni. Lakini nimekulia Kariakoo, dalali namjua akiwa kazini.

Tukashuka Córdoba saa nane kasoro dakika chache. Akatukimbiza mpaka San Basilio, mtaa unaosifika kwa nyua. Sisi tunaingia kichochoroni, watu wanatoka. Kwenye mlango wa kwanza kulikuwa na mama mtu mzima anasogeza kiti ndani. Akatuonyesha saa yake ya mkononi, akaweka kiganja kifuani kutuomba radhi, akafunga. Wa pili umefungwa. Wa tatu umefungwa. Penye lango la chuma mama mdogo akaegemeza uso, akaona kipande cha ukuta na vyungu vitatu. Mtu amevuka bahari kuja kuona vyungu vitatu kwenye upenyo!

Nikamfuata kiongozi, kwa adabu kabisa. "Kaka, wanafungua tena saa kumi na mbili. Hatuwezi kusubiri?" Haiwezekani, ratiba inataka tuondoke saa kumi na moja na nusu, tunalala Sevilla. Mama mdogo akasogea, akamwambia, "Mwanangu, mimi nimekuja kwa ajili ya haya." Naye, macho yakiwa kwenye simu, kidole kinaendelea kubonyeza, akajibu:

"Mama, maua ni maua tu. Kwani kwenu hamna?"

Nimejaribu kumtetea kichwani. Labda alichoka, labda bosi wake alikuwa anampigia simu. Hapana. Uchovu haumfanyi mtoto wa watu amjibu mtu mzima bila kumtazama usoni. Na anayeambiwa hivyo ni mwanamke anayeamka kabla ya adhana ya alfajiri kumwagilia, aliyewahi kukesha na kopo la dawa akipigania miche iliyoshambuliwa na vidukari. Halafu tazama mji anaosemea maneno hayo. Pale Puerta del Rincón wamesimamisha sanamu ya shaba ya mwanamke anayemwagilia. Ameinua mikono, ameshika mwanzi mrefu wenye kopo nchani, anavifikia vyungu vya juu. Na huko San Basilio, mtaa uleule tuliofungiwa milango, ipo nyingine ya babu na mtoto. Wenyeji wanawaheshimu wamwagiliaji kwa shaba, na wewe uliyelipwa utulete hapo unasema maua ni maua tu. Ulitafuta nini kazi hii?

Baada ya hapo wakatupeleka Mezquita, na hapa sitasema uongo: niliona kitu ambacho sitakisahau. Msikiti ule ulianzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza karne ya 8, waliofuata wakaupanua na kuupanua, mwaka 1236 ukageuzwa kanisa, na karne ya 16 wakaja kupandisha kanisa kuu katikati yake kabisa. Unatembea kati ya nguzo, zimebaki 856, matao ya mistari mekundu na meupe yamepandana juu yako, kisha ghafla unajikuta chini ya dari ya kanisa. Mbele ya mihrabu, na ile mozaiki yake ya dhahabu, nilisimama nikashindwa kuondoka. Binti wa Kihispania aliyetutembeza alijua kazi yake. Alieleza bila kumkwaza Muislamu wala Mkristo, na mwenzetu mmoja mwenye mguu mbaya alimtafutia pa kukaa kila tuliposimama. Ningekuwa naandika kuhusu muda ule peke yake, kampuni ingepata sifa zote. Ila yule binti si mwajiriwa wao, ni wa kukodiwa pale mjini. Sifa ni zake.

Ilipofika saa kumi na moja na nusu watu wakapanda basi. Mama mdogo akasimama chini. "Mimi sipandi," akasema.

Kiongozi akapandisha sauti mbele ya msafara mzima kwamba atakayebaki anabaki kwa gharama zake, kampuni haitamjua, hela hairudi. Nikamwambia sawa, tupe sanduku, mama ana dawa za presha humo ndani. Akasema buti halifunguliwi tena, tunawachelewesha wenzetu. Dawa za presha! Dereva, mzee wa Kihispania ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja, aliona nikionyesha mkono wa mama na kufanya kama napima presha. Akazima injini, akashuka, akafungua buti, akatoa masanduku mawili kwanza ili afikie la kwetu, akalifuta vumbi kwa kiganja, akalisimamisha mbele ya mama mdogo. Kijana wetu wa Dar bado anapiga kelele mlangoni. Mzee yule Mungu ampe kheri.

Kupata chumba wakati wa sherehe ni shughuli, na bei yake iliniuma. Tulipata nyumba ndogo ya wageni, chumba cha juu, ngazi nyembamba. Tukaweka sanduku, tukarudi San Basilio.

Hapo ndipo niliponyang'anywa maneno. Unapita mlango mdogo wa kawaida tu, unakanyaga sakafu ya kokoto za mtoni zilizopangwa kwa michoro, na papo hapo hewa inabadilika, baridi, ina harufu ya yasmini na udongo uliolowa. Katikati kisima. Kuta zote vyungu. Nyumba hizi zinaangalia ndani tangu enzi za Warumi, na Waislamu wakaendeleza hivyohivyo, maana ua wenye maji na mimea ndiyo dawa ya joto la huko. Ukitoka pwani yetu, ukishaingia nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja yenye ua wa ndani, huhitaji kuelezwa.

Mwenye nyumba mmoja, babu wa shati la mikono mifupi, alimwona mama mdogo anachungulia nyuma ya vyungu. Hawana lugha moja. Akamwita kwa kidole, akamwonyesha: chungu hakining'inii kwa kamba, kinakaa ndani ya pete ya chuma iliyopigiliwa ukutani. Halafu akamkabidhi mwanzi wenyewe. Nchani kuna kopo la bati, limefungwa kwa waya, limeinamishwa kidogo ili lisimwage njiani. Mama mdogo akalichovya kwenye ndoo, akainua, mikono inatetemeka kwa uzito, la kwanza likaenda ukutani, la pili likaingia chunguni taratibu bila kurusha udongo. Babu akapiga makofi. Wageni waliokuwa kwenye foleni nao wakapiga makofi. Tulizunguka mlango kwa mlango mpaka ilipofungwa, na kesho yake tukapanda treni asubuhi kwenda Sevilla, safari fupi sana.

Jioni ile ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kukilipia, na kampuni haikuhusika nayo. Watu waliobaki kwenye basi hawakuiona. Wale walilipa hela ileile, kwa picha ileile, wakalala hoteli ya pembezoni mwa Sevilla wakiwa na mikoba ya ngozi.

Tuliporudi nikaandika malalamiko. Kiongozi wao mkubwa akanijibu WhatsApp kwa ujumbe wa sauti, anaita "dada yangu" kila sentensi, kwamba ratiba inaweza kubadilika, kwamba masharti yameandikwa, na kwamba tutapewa punguzo tukienda nao safari nyingine. Kuhusu alichoambiwa mama, hakuna neno.

Upande wa viza walifanya vizuri, siwezi kuwanyima. Barua, hoteli, ile bima ya viza ya Ulaya (Schengen) ya kuanzia euro 30,000, vyote vilikaa sawa na hatukusumbuliwa popote. Kwa mtu anayeogopa makaratasi ya ubalozini, hilo si dogo. Ndiyo maana mwanzo niliandika nyota mbili, na nilikaribia kuweka tatu. Mama mdogo mwenyewe ananiambia niache, yule bado mtoto, atakua, na punguzo wachukue. Pete za chuma amekwisha chongesha kwa fundi, ukuta wa kitalu umejaa.

Mimi siachi. Nimeusikiliza ule ujumbe wa sauti tena leo kabla ya kuandika, na nimeshusha mpaka moja. Nataka warudishe hela ya chumba na nauli ya treni, na nataka yule kijana ampigie simu mama mdogo, ampigie yeye, si mimi. Wakirudisha hela bila kupiga simu, hela nitapokea na maandishi haya yatabaki hapahapa.