Hojaji ya PHQ-9: maswali tisa ya kupima sonona, na namna tulivyoyatumia nyumbani

Kwa miezi kadhaa sisi wa nyumbani tulikuwa tukimwita mdogo wangu mvivu. Alikuwa akilala mpaka adhuhuri, hapokei simu, chakula chake kinarudi jikoni kama kilivyokwenda, na kila mmoja wetu alikuwa na tiba yake ya maneno: amka uoge, toka nje uonane na watu, shukuru kwa ulichonacho. Neno sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu usioisha, lilitamkwa kwa mara ya kwanza katika kituo cha afya, alikokwenda kwa ajili ya kichwa kisichoacha kuuma na akapewa karatasi yenye maswali tisa aijaze. Karatasi hiyo, inayojulikana kwa jina la PHQ-9, ndiyo ninayoitathmini hapa, kwa kuwa tumeishi nayo muda wa kutosha kuona inapofaa na inapopungua.

Ilitungwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke kwa ufadhili wa kampuni ya dawa ya Pfizer, na utafiti ulioipima ulichapishwa mwaka 2001. Anayesikia kwamba kipimo cha sonona kimegharimiwa na kampuni inayouza dawa za sonona ana haki ya kukunja uso; nami nilikunja. Hata hivyo hojaji yenyewe ni ya bure, wala haihitaji kibali cha kuinakili au kuitafsiri. Kila swali huuliza kuhusu majuma mawili yaliyopita, na jibu hupewa alama kuanzia 0, kwa jambo ambalo halikutokea kabisa, hadi 3, kwa jambo lililotokea karibu kila siku, hivi kwamba jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 5 huashiria sonona nyepesi, 10 ya wastani, 15 inayoelekea kuwa kali, na 20 kali. Katika utafiti ule wa mwanzo, kikomo cha alama 10 kiliwabaini watu 88 katika kila 100 wenye sonona kubwa, jina ambalo wataalamu huupa ugonjwa wenyewe uliothibitishwa, uwe mwepesi au mkali.

Kipimo kinaonekana chepesi mno, na wapo wanaolalamika kwamba baadhi ya maswali yana pande mbili: la tatu linauliza kuhusu kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, la tano kuhusu kukosa hamu ya kula au kula mno, la nane kuhusu kuwa mzito wa mwendo na maneno au kutotulia hata kidogo. Kwa mtaalamu huenda hilo ni dosari. Kwetu lilikuwa somo, kwa sababu tulidhani mgonjwa wa sonona ni yule anayelia na kukesha, kumbe hata usingizi wa mchana kutwa ambao tuliuita uvivu ulikuwa umeandikwa pale tangu zamani.

Lakini swali la sita ndilo lililotunyamazisha. Linauliza ni mara ngapi mtu amejiona hana maana, au amejihisi kwamba ameshindwa na kuiangusha familia yake. Mdogo wangu alitia alama 3. Maneno tuliyokuwa tukimwambia kila asubuhi kwa nia ya kumwamsha ndiyo yale yale ambayo maradhi yalikuwa yakimnong'oneza usiku, nasi tulikuwa tukiyatilia sahihi.

Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au ya kujidhuru, na mama alitaka lirukwe asije akatiwa wazo ambalo hakuwa nalo. Muuguzi alimweleza kwa upole kwamba kumuuliza mtu jambo hilo waziwazi hakumpandikizii wazo hilo, na kwamba jibu lolote lililo juu ya 0 linahitaji mazungumzo na mtaalamu siku hiyo hiyo, hata kama jumla ya alama ni ndogo. Maelezo hayo yalipaswa kuandikwa kwenye karatasi yenyewe, maana si kila anayeijaza atampata muuguzi kama yule.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba inahesabu dalili bila kujua zimetoka wapi. Msiba wa karibuni, tezi ya shingo inayofanya kazi kwa uvivu, au dawa za ugonjwa mwingine vinaweza kupandisha alama. Aliyewahi kupitia vipindi vya msisimko mkubwa usio wa kawaida anaweza kupata alama zile zile, ilhali akipewa dawa za sonona peke yake huenda zikamrusha upande wa pili, kwenye msisimko huo. Kwa hiyo namba hiyo haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa, sembuse dawa.

Tena inategemea nani amekaa kando. Mara ya kwanza niliketi naye bega kwa bega, tena sauti ya mpokeaji ikisoma maswali mbele ya wagonjwa wengine, akapata 9. Alipoijaza peke yake chumbani na daktari, akapata 17. Baadaye tukaharibu tena kwa kuigeuza mtihani: mama alitaka kujua alama kila baada ya siku mbili, na zilipokuwa bado 16 wiki mbili baada ya kuanza dawa, alishauri ziachwe, ingawa dawa hizo kwa kawaida huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake. Siku hizi anaijaza mwenyewe kabla ya kwenda kwa mshauri, na karatasi haipiti mikononi mwetu.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya ukimya wake kuhusu swali la tisa, na kwa tafsiri ngumu ambazo zingeeleweka zaidi kama zingetaja moyo mzito na mawazo mengi, kama watu wanavyosema. Anayetaka kumpelekea ndugu yake karatasi hii ahakikishe kwanza kwamba yupo mtaalamu atakayeyasikiliza majibu yake, kisha atoke chumbani.