Kwa milimita mbili, treni yangu ilitumbukia baharini

Karakana ya useremala ninayoisema ipo hapa Mbeya mjini, na mwenye nayo akisoma haya atajitambua bila kutajwa jina.

Miezi michache iliyopita nilimpelekea kazi ya vipande vinne vya meza nyembamba, kila kimoja sentimita 90, vya kuunganishwa kwa bolti. Juu yake nilikusudia kujenga mfano wa gati la Hythe, kusini mwa Uingereza, ambalo mwaka 1922 lilipata reli yake ndogo ya umeme ya kuwapeleka abiria hadi kwenye feri. Gati halisi lina urefu wa mita 640 hivi, kwa hiyo kwa kipimo cha 1:76, yaani dogo mara 76 kuliko halisi, lingezidi mita 8, na sebule yangu haifikii hata nusu ya hapo. Ndiyo maana nililifupisha na kuligawa vipande vinavyoingia uvunguni mwa kitanda.

Katika mpango wa namna hii mbao ikipinda kidogo katikati utaificha kwa rangi, lakini ncha za vipande hazisamehe kosa, kwa sababu hapo ndipo reli hukutana. Nilichonga kigezo cha plaiwudi chenye matundu mawili, nikamkabidhi fundi mkononi, nikamsisitizia kwamba kila ncha itobolewe kwa kigezo hicho hicho. Siku ya kuchukua kazi nilikikuta kigezo changu chini ya kopo la gundi, kimeganda pale kama sahani ya kikombe. Alikuwa ametoboa kwa macho.

Nyumbani nilipokaza bolti, kipande cha pili na cha tatu vilipishana milimita mbili. Kwenye njia ya reli yenye upana wa milimita 9 hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya tano, na kwenye gati halisi ingekuwa sentimita 15. Kichwa cha treni kilifika kwenye kiungo, kikainama, kikayavuta mabehewa mawili hadi sakafuni.

Niliporudi kulalamika alicheka mbele ya wateja, akasema, “Mwalimu, watu wa umri wako wananiagiza majeneza, wewe unaniagiza treni?” Nimefundisha miaka mingi, nimezoea utani, lakini huo haukuwa utani. Nilitoka nikiapa kwamba hata kigoda sitamwagiza tena.

Hata hivyo, haki yake nimpe. Nguzo za gati, ambazo nilimwachia abuni mwenyewe, amezichonga kwa mabaki ya mninga, nyembamba juu na nene kidogo chini, na mikingamo yake imekaa kwa namna ambayo ukiinama usawa wa meza unatamani kusikia maji yakipiga. Sijui mtu mwenye jicho hilo anawezaje kudharau tundu la bolti, na kila nikizitazama nguzo zile hasira hupungua, kisha nikitazama kiungo hurudi ikiwa kubwa zaidi, kwa sababu kumbe uwezo anao.

Kwa hiyo simpendekezi kwa mtu yeyote mwenye haraka au mwenye moyo mwepesi. Mimi mwenyewe kipande cha tano, cha kituo cha feri, nimeshampelekea mbao juzi. Safari hii kigezo nitakishika mimi wakati yeye anatoboa.