Tozo mbili za King County: ya dharura nyota 4 na nusu, ya shule 3

Wadau mliohamia Seattle na huku kusini Kent, Tukwila na kwingineko ndani ya King County, jimbo la Washington, karatasi ya kodi ya majengo ikija wengi tunaangalia jumla, tunaguna, basi. Mimi safari hii nimeisoma mstari kwa mstari, na humo kuna tozo ambazo watu wamezipigia kura wenyewe, kwa hiyo ngoja nizitolee maoni kama huduma nyingine yoyote tunayoilipia.

Tozo ya huduma ya matibabu ya dharura kwanza maana hapo sina ugomvi mkubwa. Imepitishwa tena Novemba 2025, senti 25 kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba, miaka 6, 2026 mpaka 2031. Nyumba ya dola 600,000 ni dola 150 kwa mwaka, hata 13 kwa mwezi haifiki. Unapata nini? Jirani yetu mzee alibanwa kifua usiku, mkewe akapiga 911, wakatangulia zimamoto na lile gari lao jekundu (watu wakachungulia dirishani kutafuta moto, kumbe hao ndio wanakuwa karibu na huduma ya kwanza wanaijua vizuri), halafu wakaingia jamaa wawili wa Medic One (wahudumu wa dharura waliofunzwa kwa wagonjwa mahututi), wakamfungua shati, wakambandika vile vistika vya waya kifuani, karatasi ya mapigo ya moyo inatoka huku dripu inaingia, yote hayo kwenye zulia la sebuleni kabla hata hajabebwa. Na bili ya kusafirishwa haikuja, Medic One hawatozi, tumeshalipa kwenye kodi. Hii kitu ilianza Seattle 1970, daktari Leonard Cobb wa hospitali ya Harborview na mkuu wa zimamoto Gordon Vickery, gari lao la kwanza lilikuwa limenenepa mpaka likapewa jina Moby Pig, na tozo ya kaunti nzima ikapigiwa kura mara ya kwanza 1979.

Nusu nyota naikata kwa sababu hii: wakiona hali yako si ya kutisha, mara nyingi unapakiwa kwenye ambulensi ya kampuni binafsi, na hapo bili inakuja jamani, tena inauma. Wengi wanadhani ambulensi zote ni bure, hapana.

Ya shule sasa. Walimu siwalaumu hata kidogo, tatizo ni mpangilio. Tozo ya uendeshaji inadumu miaka isiyozidi 4 halafu wilaya ya shule inarudi tena kuomba, na kura yenyewe mara nyingi inakuja Februari, bahasha inafika kwa posta, watu wanaiweka juu ya friji na matangazo ya pizza mpaka tarehe inapita. Ikianguka wanaweza kujaribu mara moja tena mwaka huo huo, ikianguka tena ndio unasikia nesi wa shule, washauri na michezo vinapunguzwa. Na ukisikia bondi, huo ni mkopo wa kujenga unaolipwa kwa kodi zetu, inataka asilimia 60, yaani watu 58 kati ya 100 wanasema ndiyo na bado imeanguka!! Tozo ya kawaida tangu 2007 inatosha kupita nusu.

Mahakama ya Juu ya jimbo ilishasema 2012, kesi ya McCleary, kwamba jimbo halitoi hela ya kutosha kwa elimu ya msingi (hapa ni chekechea mpaka darasa la 12), 2017 wabunge wakapandisha kodi ya jimbo na kuwekea hizi za wilaya kikomo, ila wilaya bado zinaomba. Kinachonikera zaidi, penye nyumba za bei ya chini inabidi watu watozwe senti nyingi zaidi kwa kila elfu ili wapate hela ile ile ya wenzao matajiri, na hela ambayo jimbo linaziongezea wilaya hizo haizibi pengo lote. Wapangaji nanyi msijione mko nje, mwenye nyumba anajua pa kuirudishia.

Mambo mawili kabla sijasahau. Kama hujala kiapo cha uraia usiiguse hiyo kura, hata green card hairuhusu, unaweza kuharibu kesi yako ya uhamiaji. Na kama una mzazi wa miaka 61 na kuendelea, nyumba ni yake na kipato ni kidogo, kuna msamaha wa kodi ya majengo, lakini hauji wenyewe, lazima aombe kwa ofisi ya mthamini wa kaunti, msaidieni kujaza fomu.