Waziri wa jimbo: atoke bungeni au nje?

Orodha ya serikali ya Haut-Katanga, jimbo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikisomwa, kule Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, watu huanza kuhesabu maeneo ya jimbo: Pweto imepata nani, Kasenga wamesahauliwa tena? Nafasi ni chache. Mawaziri hawazidi 10, na Katiba ya 2006 inamruhusu gavana kuwatoa ndani ya bunge la jimbo au nje yake.

Akimchukua mbunge, anajitafutia kura, maana programu ya serikali lazima ikubaliwe na zaidi ya nusu ya wabunge wote kabla mawaziri hawajaanza kazi. Tena mbunge hapotezi kiti. Supleanti wake, yaani mbadala wake, anakikalia, na siku mawaziri wakibadilishwa, mwenyewe anarudi bungeni na supleanti anafungasha. (Huyo ndiye anayesali kila siku serikali isiguswe.) Basi mbunge hupokea uwaziri bila woga, na mara nyingine bila haraka ya kazi.

Wa nje, tuseme mhandisi wa barabara, akiondolewa anarudi nyumbani. Huletwa kwa ujuzi wake, au kwa chama chake. Bungeni hana ndugu. Akibanwa juu ya bajeti, hujitetea peke yake.

Mimi ningempa wa nje fedha na barabara, hata kama wabunge watanuna.