Nimepeleka silinda, wamenirudishia vali ya usalama imezibwa gundi

Nyota moja, na hiyo moja ni ya mzee wa mashine ya kukereza, si ya karakana.

Kazi niliyowapa ilikuwa ndogo na niliwaandikia kwenye karatasi. Injini ya mvuke ya kuchezea, SE2 ya zamani ya kampuni ya Mamod: pini ya kisahani cha krenki (kile kinachogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko) imekatika, na uso wa silinda umekwaruzika, unavujisha mvuke. Basi. Boila sikuitaja hata kwa herufi moja. Nakwenda kuichukua, shaba yote inang'aa, navuta kijiti cha vali ya usalama, ile ya kuachia mvuke ukizidi, hakiendi. Ndani wamejaza gundi ya chuma, ile ya kuchanganya mirija miwili, mpaka springi haionekani.

Namuuliza kijana wa mbele. "Ilikuwa inavuja, ami, tumekusaidia. Kwani huu si mchezo wa mtoto?" Kisha akarudi kwenye simu yake. Samahani hakuna. Nilipomwambia boila inaweza kupasuka akanijibu, bila kuinua macho, kwamba lehemu iliyounga boila itayeyuka kwanza.

Hilo la lehemu nalisikia hata kwa watu wazima, kwa hiyo tulimalize. Vali ya injini hizi hufunguka shinikizo likifika kama bar 1 mpaka 1.5. Kwenye bar 1.5 mvuke una joto la nyuzi 127 hivi. Lehemu laini huanza kulegea kwenye nyuzi 183. Maadamu ndani mna maji, joto na shinikizo hupanda pamoja, na ili mvuke ufike nyuzi 183 shinikizo huwa limeshakaribia bar 10. Tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na kidogo! Lehemu huyeyuka mapema pale tu boila inapokauka maji, na hiyo ni balaa nyingine. Kuitegemea iwe kinga ni ujinga.

Kuna atakayesema silinda ya kubembea kama hii, inayobanwa kwa springi tu, hujiinua yenyewe shinikizo likizidi na kuachia mvuke. Kweli, hujiinua kidogo, kama springi yake imekazwa kwa kiasi. Hii wameikaza mpaka gurudumu halizunguki kwa kidole. Yaani milango yote miwili wameifunga. Mji huu wa Zanzibar mwaka 1905 ulikuwa na treni ya mvuke inayokwenda Bububu, leo tunashindwa na kijiboila cha kukaa kiganjani.

Na huo uvujaji wenyewe? Mara nyingi vali haina kosa, kosa ni la washa ya faiba, kipete bapa kilicho chini yake. Dawa ya kujua ni rahisi: boila ikiwa baridi na tupu, paka povu la sabuni kwenye vali, puliza kwa mpira mwembamba kupitia bomba la mvuke. Povu likitoka shingoni, pale vali inapokaa juu ya boila, badilisha washa. Likitoka juu, kwenye kijiti, ndipo kikalio cha vali kimechakaa au kimeshika chokaa. Washa ni kitu cha duka la vifaa vya mabomba, bei ya kutupa.

Vali iliyotiwa gundi usihangaike kuichokoa. Hata ukiitoa gundi, huna uhakika springi itafunguka kwa shinikizo lile lile. Nunua mpya, za Mamod bado zinauzwa Uingereza. Angalia hesi: ni robo inchi, meno 26 kwa inchi. Vali ya kampuni nyingine, Wilesco, yenye hesi ya M6 (milimita 6), itaingia ikipwaya, na fundi mvivu ataivisha tepu nyeupe ya mabomba ikashika kwa uongo. Siku shinikizo likipanda inaruka kama risasi.

Sasa nimtendee haki mzee. Kisahani cha krenki amekikereza upya kwa shaba, pini ameipachika kwa kubana, haichezi. Na umbali wa pini kutoka katikati ameupima kwa kile kisahani cha zamani, hakukisia. Hapo ndipo wengi huharibu: ukizidisha milimita 1, mwendo wa pistoni unazidi milimita 2, na pistoni inagonga kichwa cha silinda. Uso wa silinda nao ameusugua inavyotakiwa, msasa wa maji 600 kisha 1200 uliolazwa juu ya kioo, kwa kuchora umbo la tarakimu 8, mpaka mkwaruzo umekwisha na uso umekuwa wa rangi moja. Kazi safi kabisa. Kwa mzee peke yake ningetoa nyota nne, pengine tano.

Lakini kwenye risiti wameandika "kuziba vali" na wamenitoza. Nyota moja, haipandi.

Wenye injini hizi Unguja, jambo la maji msilidharau, kwani chokaa hufanya kazi ile ile ya gundi, ila taratibu. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe na maji ya kisima yana chokaa tele. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa au yale ya kuongezea betri, na hakikisha chupa ni ya maji matupu, si ya asidi. Kila kabla ya kuwasha, vuta kijiti cha vali. Kama hakirudi chenyewe, usiwashe.

Mkiwa lazima mwende karakana hiyo, muulizeni mzee, msimwachie kijana kitu. Vali ing'oeni kabisa muiache nyumbani. Na tundu lake lizibeni kwa kitambaa, wasije wakalijaza na lenyewe.